Pamba, mkonge, mgomba au gugumaji: nanoselulosi ya Mwanza ianzie wapi?

Blenda ya kwanza niliyoiua ilikuwa ya mama mkwe. Katani nilikuwa nimeichemsha vizuri kwa kostiki, ile soda kali ya kutengenezea sabuni, nikaisuuza hadi maji yakatoka safi, kisha nikafanya kosa moja: niliitia ikiwa na urefu wa kidole. Sekunde kumi hazikufika. Nyuzi zikajizungusha kwenye kisu kama wavu uliodakwa na panga la injini ya mtumbwi, mota ikanguruma, ikatoa harufu ya kuungua, ikanyamaza. Mama alikuja kutazama, akashika kiuno. "Baba, hivi karatasi si zinauzwa dukani?"

Tangu siku hiyo nimepitisha kwenye sufuria karibu kila mmea wenye uzi unaopatikana kati ya Igombe na Misungwi. Swali ninaloulizwa na wanafunzi wanaotafuta mada ya utafiti, na hata na vikundi vinavyotengeneza karatasi za mkono, ni lile lile: nikitaka kutengeneza nanoselulosi, yaani selulosi ya mmea iliyochanwa hadi iwe nyembamba mno, nianze na malighafi gani? Wengi huja na jibu tayari mfukoni. Wananyoosha kidole ziwani: "Gugumaji si lile pale, la bure!" Nitalifikia.

Kwanza ujue unatafuta kipi

Ukiuchana uzi wa mmea wowote, ndani yake unakuta nyuzi nyembamba zaidi, na ndani ya hizo nyingine tena, mpaka unafika kwenye uzi wa selulosi wenye upana wa nanomita 5 hadi 60. Milimita moja ina nanomita milioni moja. Unywele wa kichwani una upana wa nanomita 80,000 hivi. Nyuzi hizo hazikai peke yake. Fikiria nyumba ya fito: selulosi ndiyo fito, hemiselulosi ni kamba zinazofunga fito, na lignini ni udongo uliokandikwa juu. Kazi yote ni kubomoa ukuta bila kuvunja fito.

Nchi zenye misitu mikubwa huanza na miti, na mti una lignini asilimia 20 hadi 30, kwa hiyo ukuta wake ni mgumu. Mimea isiyo ya mbao mingi ina udongo mchache, ndiyo maana sisi wenye sufuria na jiko la mkaa tunaweza kuingia kwenye mchezo huu.

Ila kuna bidhaa mbili tofauti zinazoitwa nanoselulosi, na hapa ndipo watu wengi wanapopotea kabla hata ya kuchagua mmea. Ya kwanza ni fuwele: vijiti vifupi, vigumu, vinavyopatikana kwa kuyeyusha sehemu laini za selulosi kwa asidi ya salfuriki. Kipimo kilichozoeleka maabara ni asidi ya asilimia 64, joto la nyuzijoto 45 za Selsiasi, dakika 45 hadi saa moja. Fuwele za pamba huwa na urefu wa nanomita 100 hadi 300. Ya pili ni nyuzinano: ndefu, zinazopinda, zinazopatikana kwa kusaga na kukamua kwa nguvu. Nyuzinano zilianza kwenye maabara ya kampuni ya ITT Rayonier huko Marekani, ambao walichapisha kazi yao mwaka 1983 baada ya kupitisha massa ya miti, yaani nyuzi za mbao zilizokwisha kupikwa, kwenye mashine ya shinikizo ya aina inayotumika kulainisha maziwa. Kilichotoka kilikuwa kizito kama uji, ingawa asilimia 98 yake ilikuwa maji.

Mmea unaofaa kwa fuwele si lazima ufae kwa nyuzinano, hata uwe na selulosi nyingi kiasi gani. Pamba ndiyo ushahidi.

Pamba: tajiri asiyesagika

Usukumani pamba ni dhahabu nyeupe, na kwa kemia jina hilo linastahili. Pamba nyuzi ikiwa kavu ni selulosi asilimia 90 na ushee, lignini karibu hakuna. Hupiki saa nyingi. Unaondoa nta na vumbi kwa kostiki nyepesi, basi.

Bila shaka hutasaga pamba nyuzi yenye bei. Unachotafuta ni mabaki: yale manyoya mafupi yanayong'ang'ania mbegu baada ya kuchambuliwa, takataka za viwanda vya kuchambulia, na vipande vya mafundi cherehani. Kuhusu hivyo vya mwisho, tahadhari. Nilijaza kiroba kizima pale Makoroboi, mjini Mwanza, nikidhani ni pamba, nusu yake ikawa poliesta. Siku hizi nachomoa uzi mmoja na kuuchoma kwa kiberiti: pamba inaungua kama karatasi na kuacha jivu jepesi, poliesta inayeyuka, inajikunja, inaacha tone gumu jeusi. Kitambaa cha mchanganyiko kinafanya yote mawili, nacho kiache.

Ukitaka fuwele, chagua pamba na usihangaike na mmea mwingine. Ukitaka nyuzinano, achana nayo. Selulosi yake imejipanga kwa kubana sana, na haina hemiselulosi ya kutosha kuzitenga nyuzi zisigandamane. Niliwahi kuisaga nusu saa nzima nikapata maji yenye manyoya.

Shida ya fuwele ni asidi. Kwa gramu moja ya pamba unahitaji mililita 10 hadi 20, maana yake kilo moja inakula lita 10 kwenda juu. Unachobakiza mwishoni ni nusu ya pamba yako, na mara nyingi chini ya hapo. Halafu kazi inasimamishwa kwa kuimimina kwenye maji baridi mara kumi ya ujazo wake, inazungushwa kwenye mashine kama ile ya kutenganishia damu hospitalini, na kuwekwa siku kadhaa kwenye mifuko maalumu ya kuchuja ndani ya maji hadi asidi iishe. Yuko kijana aliyeniambia atatumia asidi ya betri, "ataikaza kidogo motoni." Asidi ya betri iko kwenye asilimia 35 hivi, na kuikaza kwa kuchemsha ni kuutafuta upofu. Kama huna maabara yenye kabati la kuvuta hewa na mtu anayeijua kazi hiyo, fuwele ziache kwa wenye navyo. Na hata huko, asidi ndiyo humiminwa kwenye maji, kamwe si maji kwenye asidi.

Mkonge na mgomba, bega kwa bega

Kwa nyuzinano, hawa wawili ndio washindani wa kweli, nami nimebadilisha mawazo juu yao mara mbili.

Mkonge watu wanaujua kwa Tanga na Morogoro, lakini pita Kwimba, Magu, ushuke Meatu na Kishapu uone mipaka ya mashamba. Haulii mvua wala mbolea. Miche 62 tu ndiyo iliyobaki hai Richard Hindorf alipouingiza nchini mwaka 1893, na ona ulipofika. Katani ina selulosi asilimia 60 hadi 70 na kidogo, na lignini kama 10. Tatizo ni kwamba uzi ni asilimia 4 tu ya jani. Ukibeba kilo 100 za majani unarudi na kilo 4 za katani, na humo selulosi haifiki hata kilo tatu. Kwa hiyo usibebe majani. Nunua uzi uliokwisha kukwanguliwa, tena zile nyuzi fupi zinazodondoka watu wanapochana singa, ambazo msuka kamba hazimfai kitu. Zikiwa kavu zinakaa stoo mwaka mzima bila kuoza, na hapo mkonge unawapiga wengine wote.

Mgomba hadithi yake ni nyingine. Ndizi zinazoshushwa bandarini kutoka Kemondo na Bukoba zinakuja bila shina. Shina limebaki Kagera, na linatakiwa kubaki, kwa sababu ndilo matandazo na mbolea ya kibanja. Mtu akija na mpango wa kukusanya mashina ya migomba Kagera nzima, mwulize shamba litakula nini. Kinachofika Mwanza ni bua la katikati la mkungu, lile linalobaki mikononi mwa muuzaji chane zikishakatwa. Asubuhi sokoni yanarundikana. Saa nne mbuzi wameshafika. Watafiti wa Medellín, Kolombia, wamelichambua bua hilohilo kwa miaka, maana huko nako ndizi zinawaachia rundo.

Ni zito, limejaa maji, zaidi ya asilimia 90. Utomvu wake ukidondokea shati ya kazini, shati hiyo sasa ni ya shambani. Na lisipopikwa siku hiyohiyo au kesho yake, linaanza kunuka na kubadilika rangi. Kwa upande wa kuhifadhi, mgomba umeshindwa vibaya.

Ila uingie jikoni nao. Katani inataka kukatwa kwa mkasi vipande vya milimita mbili tatu (nimeshalipia somo hilo), ipikwe kwa kostiki ya asilimia 4 au 5 kwa saa mbili, maji meusi yamwagwe, yawekwe mengine, irudiwe, na mara nyingi irudiwe tena. Bua la mgomba linalainika mzunguko wa kwanza. Ukilishika kati ya vidole baada ya saa moja linateleza na kuachana lenyewe. Kung'arisha vilevile: kwa haidrojeni peroksidi na kostiki kidogo, mgomba unageuka mweupe wa maziwa wakati katani bado ina rangi ya samli. Maabara nyingi hutumia sodiamu kloriti kwa hatua hii. Inang'arisha kweli, lakini inatoa gesi ya sumu, kwa hiyo jikoni sitaki kuiona. Na ile dawa ya madoa ya dukani yenye klorini usiichanganye na siki wala asidi yoyote, kwa sababu hiyohiyo.

Kwenye kusaga ndipo tofauti inaonekana kwa macho. Mgomba umebakiza hemiselulosi, zile kamba, na hizo zinazuia fito zisigandane. Katika asilimia moja ya uzito ndani ya maji, dakika kumi na tano za kusaga kwa vipindi, nikiiacha mota ipoe, zinanipa rojo nyororo inayopitisha mwanga kidogo. Katani kwa muda huohuo inanipa rojo yenye chembechembe unazozisikia kwenye ncha ya kidole. Nikiendelea inakuja, tena karatasi yake ikikauka ni ngumu kuchanika kuliko ya mgomba, lakini umeme umeshaliwa.

Nisije nikakudanganya: blenda ya nyumbani haitoi nanoselulosi tupu. Inatoa mchanganyiko wa nyuzinano na nyuzi kubwa zaidi. Watafiti wa Kyoto walionyesha mwaka 2011 kwamba blenda yenye kasi kubwa, mizunguko 37,000 kwa dakika, inaweza kuchana massa ya miti hadi kufikia nyuzinano, kwa sharti kwamba massa hayo hayajawahi kukaushwa. Sharti hilo liandike ukutani. Nyuzi zilizopikwa zikikauka, zinashikana kwa namna ambayo maji hayazirudishi kama zilivyokuwa. Ujuzi wetu wa kuanika kila kitu juani, dagaa, mihogo, pamba, hapa unatuponza. Anika katani mbichi kadiri upendavyo. Ikishapikwa, iweke kwenye ndoo yenye maji na mfuniko.

Na kwa mwenye ndoto ya mashine halisi za shinikizo, jua kwamba massa yasiyotayarishwa kwa vimeng'enya au kemikali hula uniti 20 hadi 30 za umeme kwa kila kilo kavu, hata zaidi. Weka LUKU yako mezani uhesabu. Ndiyo maana njia ya Tokyo ya mwaka 2006, ya kuoksidisha nyuzi kwanza kwa kichocheo kiitwacho TEMPO, ilipokewa kwa shangwe: nyuzi zinapata chaji, zinasukumana zenyewe, na kusaga kunakuwa kwepesi. Kichocheo chenyewe hukipati duka la dawa la mtaani.

Uamuzi wangu, basi. Mwanafunzi mwenye wiki sita na anayetaka matokeo yanayoonekana, achukue bua la mkungu. Kikundi kinachotaka kufanya kazi mwaka mzima kwa malighafi isiyobadilika kila shehena, kichukue nyuzi fupi za katani na kivumilie kupika.

Sasa gugumaji

Mzee mmoja pale mwaloni aliniona nikilitoa, akasimama na kasia lake. "Mwangaluka, mwalimu. Ukimaliza hilo, rudi, lipo jingine." Alikuwa na haki ya kucheka. Mmea huu ulionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980, ukaletewa fukusi wa kuula katika miaka ya 1990, na bado unaziba mialo.

Kwa ubora, si mbaya hata kidogo. Chana kikonyo chake kwa wembe uone: ndani ni sponji nyeupe yenye vyumba vya hewa, ndiyo inayoliwezesha kuelea. Ukuta wa vyumba hivyo ni mwembamba, lignini ni chache, linapikika upesi kuliko hata mgomba na rojo yake ni laini. Tumia vikonyo tu. Majani yana protini nyingi na yanatia rangi ya kahawia isiyotoka, mizizi imebeba tope.

Ubaya wake uko kwenye hesabu. Kilo 100 mbichi zina maji kama kilo 95. Zile 5 zilizobaki zina selulosi robo hivi, labda theluthi. Unatoa ziwani mzigo wa kuvunja mgongo ili upate kilo moja na kitu. Kama sufuria yako haiko hatua hamsini kutoka ufukweni, nauli ya kirikuu imeshakula ule "ubure" wote.

Pia halikai. Leo ghuba imejaa huoni maji. Usiku upepo unageuka, asubuhi limehamia ng'ambo na wewe umewasha jiko. Tena ni mmea ambao wavuvi, serikali na fukusi wote wanataka utoweke, na mimi nasita kumshauri mtu akope fedha juu yake.

La mwisho ndilo zito zaidi. Gugumaji hunyonya metali nzito kutoka majini, na sifa hiyo imelifanya litumike kusafisha maji taka. Upande wetu wa ziwa kuna uchimbaji mdogo wa dhahabu unaotumia zebaki. Kwa karatasi ya kadi au ubao wa mapambo, sina neno. Kwa kifungashio cha chakula au kitu cha kugusa kidonda, shehena ipimwe kwanza, na gharama ya kupima iingie kwenye bei.

Mingine, kwa ufupi

Pumba za mpunga zimejaa kila penye mashine ya kukoboa, Magu, Misungwi, Sengerema. Lakini zina lignini ya kiwango cha mti, na majivu yake, asilimia 15 hadi 20, karibu yote ni silika, aina ya mchanga. Silika inayeyuka kwenye kostiki kisha inaganda kwenye vyombo. Waachie wachoma matofali. Mabua ya mpunga ni afadhali, ingawa nayo yana silika na ng'ombe wanayadai.

Makapi ya miwa yana selulosi nzuri, asilimia 40 hadi 50, ila viwanda vya sukari vinayachoma kuendeshea mitambo, kwa hiyo si takataka kama wengi wanavyodhani.

Mafunjo na matete ya ufukweni yanatamanisha. Usiyaguse. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli zenye kuharibu mazingira ndani ya mita 60 kutoka ufukweni, na hata bila sheria, sato huzaliana humo.

Maji machafu yanaenda wapi?

Kwa kila kilo ya nyuzi utamwaga ndoo nyingi za maji meusi yenye kostiki na lignini. Mkonge unatoa mengi kuliko mgomba, kwa sababu ya kule kurudia kupika. Hesabu hiyo watu huisahau wakilinganisha malighafi, na mimi niliisahau miezi mitatu. Maji ya asidi yanatulizwa kwa chokaa, yanaacha tope jeupe la jasi. Ya kostiki yanatulizwa kwa asidi dhaifu hadi karatasi ya kipimo ionyeshe 7 au karibu yake. Ukimwaga mtaroni jinsi yalivyo, mtaro unaingia mto Mirongo, Mirongo unaingia ziwani, na ziwa ndilo tunalochotea.

Kujua kama ulichopata kina maana, huna darubini ya elektroni, lakini una chupa. Chukua rojo kidogo, izimue iwe sehemu mbili katika elfu moja, tikisa, iache usiku kucha dirishani. Nyuzi kubwa zitakaa chini na kuacha maji matupu juu. Nyuzinano zitabaki zimetanda chupa nzima kama ukungu. Mgomba wangu wa mwisho ulitanda robo tatu ya chupa. Katani, nusu na kidogo. Pamba ilikuwa chini yote kabla sijalala.

Blenda ya mama mkwe nimeshailipa. Ya kwangu inakaa stoo, nimeiandika kwa maka peni nyekundu SI YA JUISI, baada ya binamu kutoka Ukerewe kufika na maembe na kuikuta bado ina kostiki.